Usiku wa mwenye nyonga: nini kinafaa kabla ya upasuaji, nini baada

Kwa karibu miaka miwili mamangu alikuwa akiisikia adhana ya alfajiri huku yuko macho tangu saa nane za usiku. Kinena cha kulia ndicho kilichomwamsha. Tulimnunulia dawa za usingizi, tukamletea mkandaji, tukambadilishia godoro, kila jamaa na shauri lake, na mengi tuliyafanya kinyumenyume. Sasa ana nyonga bandia, analala, na watu hapa Lamu hunisimamisha njiani waniulize tulifanyaje. Kwa hivyo nimeyaweka yale tuliyoyapitia ubavu kwa ubavu, ili mwenye mgonjwa achague mapema kuliko sisi. Natanguliza jambo moja ninaloliamini sana: usingizi haukurudi kwa kutafuta dawa ya usingizi. Ulirudi tulipoanza kukitafuta kile kilichokuwa kikiukata.

Kinena, ubavu au mgongo?

Kabla ya kulinganisha dawa na mito, linganisha maumivu yenyewe, maana watu husema "nyonga" wakimaanisha mahali patatu tofauti.

Kiungo chenyewe cha nyonga, pale kichwa cha fupa la paja kinapozunguka ndani ya kikombe chake, huuma kwa mbele, ndani ya kinena, na mara nyingi maumivu huteremka pajani hadi gotini. Mamangu alipoulizwa na daktari wa mifupa panauma wapi, alipazungushia kiganja, kidole gumba nyuma na vidole vinne mbele, kama mtu anayeshika shingo ya mtungi. Daktari akatabasamu akasema wagonjwa wengi wa nyonga humwonyesha hivyo hivyo. Dalili nyingine ni kushindwa kuvaa viatu au kukata kucha za mguu ule, na kupata shida kuinua mguu kuingia chomboni.

Maumivu ya ubavuni, kwenye ule mfupa unaochomoza ukiushika paja kwa nje, aghalabu ni ya kano na kifuko cha maji kilicho juu yake. Haya nayo hukatiza usingizi, kwa sababu hayataki ulalie upande huo, lakini kubadilishwa kiungo hakuyatibu. Na yanayoanzia kiunoni yakashuka hadi chini ya goti pamoja na ganzi, hayo yaelekee kwenye uti wa mgongo.

Sisi tulipoteza miezi kwa sababu kila aliyesikia "kinena" alisema mshipa, yaani ngiri, na mwingine akasema mtoki. Ngiri huonekana: ni uvimbe unaojitokeza ukikohoa au ukiinua kitu na kurudi ndani ukilala. Mtoki ni tezi lililovimba, unalishika kwa kidole. Mama hakuwa na hili wala lile. Eksirei ya goti ilipigwa mara mbili, goti likaonekana salama, na hakuna aliyefikiria kupandisha picha juu kidogo. Ilipopigwa ya nyonga, gegedu, lile ganda laini linalofunika mifupa kiungoni, lilikuwa limesagika, mfupa unagusa mfupa.

Neno moja kwa wenye vijana: huku pwani selimundu ni nyingi, nayo inaweza kukikatia damu kichwa cha fupa la paja kikafa na kuporomoka kungali mapema. Kijana mwenye selimundu akilalamika kinena, asiambiwe ni utukutu wa mpira.

Samadari, kitanda cha kamba, au godoro chini

Hapa ndipo tulipopata nafuu ya kwanza, na haikutugharimu zaidi ya siku moja ya seremala.

Nyumba yetu ni ya mawe ya kale, vyumba vya kulala viko ghorofani. Mama alikuwa akilala kwenye samadari aliyoirithi kwa babake, ndefu, hupandwa kwa kibago. Uzuri wa samadari ni kwamba huhitaji kujikunja sana kuinuka. Unateleza tu hadi miguu iguse chini. Ubaya wake ni kile kibago. Saa nane za usiku, mguu umekakamaa, taa imezimwa, kibago huwa mtego. Alianguka mara moja, tukashukuru Mungu hakuvunjika.

Tukafanya kosa la upande wa pili: tukamtandikia godoro sakafuni, tukidhani chini ni salama. Hakuna mkao mbaya zaidi kwa nyonga mbovu. Kuinuka kutoka chini kunataka uikunje nyonga mpaka mwisho, hapo hapo inapouma, na baada ya upasuaji mkunjo huo unaweza kuichomoa nyonga bandia mahali pake.

Kitanda cha kamba kina baridi nzuri wakati wa kaskazi, lakini kikilegea katikati mwili huzama kama umo kwenye machela. Nyonga hujikunja na magoti huelekea kukutana. Kama ndicho ulicho nacho, kiwambwe upya kikaze, na uweke ubao chini ya godoro. Kitafaa.

Tulichochagua mwishowe ni kitanda cha kawaida cha mbao, na seremala akakiongezea miguu. Kipimo tulichopewa na mtaalamu wa fiziotherapia: pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, uongeze upana wa vidole vitatu, na upime godoro likiwa limeshakaliwa. Akikaa ukingoni, nyayo zake zilale chini na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kipimo hicho hicho ndicho cha kiti cha kulia, kiti cha barazani na kiti cha choo.

Kisha mto. Tulijaribu wa sponji na wa sufi. Wa sponji ni mwepesi, lakini baada ya saa moja umebonyea, mguu wa juu umeporomoka mbele na kinena kimeanza kuvuta. Wa sufi, ule mgumu ulioshindiliwa, huushika mguu usiku kucha. Uweke kuanzia gotini hadi kifundoni. Ukiuweka gotini tu, unyayo utaning'inia na paja litajipinda. Kwa joto la huku uviringishie kanga kuukuu ya kunyonya jasho, la sivyo mgonjwa atautupa kabla ya saa sita.

Mkao nao hubadilika. Kabla ya upasuaji, kwetu ulifaa ule wa kulalia upande mzima na mto katikati ya miguu, au chali na mto mdogo chini ya magoti. Baada ya upasuaji, huo wa chini ya magoti ulikatazwa, kwa kuwa huiachia nyonga ikakakamaa ikiwa imekunjika. Akawa analala chali, mto katikati ya miguu, vidole vya mguu vikitazama dari. Kulala upande mzima, tena kwa mito miwili, aliruhusiwa baadaye. Ule uliopasuliwa ungoje hadi mshono upone na daktari aseme.

Muulizeni daktari alipitia wapi kuingia: nyuma, ubavuni au mbele. Aliyepasuliwa kwa nyuma kwa kawaida hukatazwa mambo matatu: asiikunje nyonga kupita pembe ya mraba, asipandanishe miguu, asiupinde mguu kwa ndani. Masharti hayo hudumu wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa kwa mbele masharti yao huwa mepesi au tofauti. Usichukue masharti ya jirani ukampa mgonjwa wako.

Dawa: ya maumivu kwa saa, au ya usingizi?

Nitasema wazi ninavyoegemea: ya maumivu, kwa saa, na ya usingizi iachwe dukani.

Parasetamoli peke yake haina nguvu kubwa kwa nyonga iliyosagika, lakini ndiyo msingi. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima humeza vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Kosa letu lilikuwa kungoja maumivu yapande ndipo tutafute kidonge. Tulipozipanga saa tatu na saa tisa, mchana na usiku, mambo yalibadilika, hasa wiki za kwanza baada ya upasuaji. Kile cha saa tisa za usiku kilikuwa tayari kando ya kitanda, pamoja na bilauri ya maji na kurunzi. Hakuwa na haja ya kuamsha mtu. Angalieni tu dawa za mafua na za kichwa zilizochanganywa, maana nyingi zina parasetamoli ndani na hesabu huzidi bila mtu kujua.

Ibuprofeni na diklofenaki hushinda parasetamoli kwa nyonga ya namna hii, sikatai. Lakini huchubua tumbo, hupandisha presha na huumiza figo, na wazee wetu wengi wana presha. Mama alizitumia miezi kwa sababu duka la dawa halimuulizi mtu. Presha ikapanda na hatukujua sababu. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au moyo, hili si la kuchagua peke yako. Tena madaktari hutaka zisimamishwe siku kadhaa kabla ya upasuaji kwa ajili ya damu. Mwambie daktari pia kama unakunywa mitishamba au habasoda na vitunguu saumu kwa wingi.

Tramadoli na za jamii yake, zile dawa kali za maumivu, zina mahali pake, siku za mwanzo baada ya kisu. Hupunguza makali, lakini huleta kizunguzungu, hufunga choo, na usingizi wake si mtulivu. Tulimpa mapapai, maji mengi na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na ikaachwa mapema.

Na dawa za usingizi? Mzee huinuka usiku kwenda haja akiwa hajazinduka, anaanguka. Zikichanganywa na tramadoli zinaweza kupunguza pumzi. Hata vile vidonge vidogo vya mzio, ambavyo watu hugawiana kwa sababu "vinalaza", huwachanganya wazee akili na kuwakausha kinywa. Mama alivinywa wiki moja. Alilala, kweli, lakini asubuhi alikuwa akiniuliza ni siku gani.

Kahawa chungu ya jioni, nayo ilikuwa na lake. Nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini saa 5 au 6 baada ya kuinywa, basi kikombe cha baada ya magharibi kinamngoja mtu usiku wa manane. Hakuiacha, aliihamishia asubuhi. Usingizi wa mchana ukakatwa usizidi nusu saa.

Moto, barafu na mkono wa mkandaji

Kabla ya upasuaji moto ulifaa zaidi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 au 20 juu ya kinena na paja kabla ya kulala, kwa sababu tatizo ni kukakamaa. Baada yake, barafu, maana sasa kuna uvimbe. Hapa kwetu barafu haikosekani: tulikwenda kuichukua wanakouza wavuvi, tukaiponda, tukaitia kwenye mfuko na kuizungushia kanga. Dakika hizo hizo, mara kadhaa kwa siku, na mshono usilowe.

Mkandaji ni jambo zito kulisema, kwa sababu ni bibi tunayemheshimu na mikono yake imewatuliza wengi. Kabla ya upasuaji, kuchuliwa misuli ya paja na kiuno kwa mafuta ya ufuta kulimpa mama usiku wenye nafuu. Kiungo hakikupona, lakini misuli ililegea. Kuuvuta mguu na kuupinda "ili urudi mahali pake" ndiko kulikomfanya alie. Baada ya upasuaji, tulimwomba bibi asiuguse mguu ule kabisa. Kuupinda kunaweza kuchomoa nyonga, na kuchua shavu la mguu lililovimba kunaweza kuliondoa bonge la damu likapanda mapafuni. Alikuja akakaa na mgonjwa, akamkanda mabega, akafurahi.

Kusubiri, kuchomwa sindano, au kukubali kisu

Sindano ya steroidi ndani ya nyonga, inayochomwa kwa kuongozwa na picha, hutuliza wiki chache hadi miezi michache. Inamfaa anayehitaji muda. Haimfai aliyekwisha kupewa tarehe, kwani ikichomwa ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya nyonga bandia kuingia vijidudu.

Kusubiri kuna maana kama bado unalala na unatembea na dawa hazijakushinda. Wakati huo mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza uzito vinafaa zaidi ya watu wanavyodhani. Na bakora, lakini mkono wa upande mzima! Nyonga ya kulia mbovu, bakora mkono wa kushoto. Nusu ya wazee ninaowaona wanaishika upande usio wake.

Kilichotuamulia sisi kilikuwa usiku. Daktari hakuuliza sana mama anatembea mbali gani. Aliuliza anaamka mara ngapi. Maumivu yanayokuamsha usiku baada ya usiku, dawa zikiwa zimepangwa vizuri, ni sababu inayotosha kuzungumzia upasuaji. Huu si ubunifu wa jana: namna ya kubadilisha nyonga inayofuatwa hadi leo iliimarishwa na John Charnley huko Uingereza mwaka 1962. Na uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia karibu 6 kwa kila 10 hudumu miaka 25.

Lakini jueni hili ili msivunjike moyo: wiki za kwanza baada ya kisu usingizi huwa mbaya zaidi, si bora. Mkao ni mmoja, kidonda kinauma, mwili umechanganyikiwa. Mama alilia usiku wa tisa, akaniambia, "Mwanangu, mumenitoa shimoni mkanitia kisimani." Kufikia wiki ya sita alikuwa akilala saa nne mfululizo. Mwezi wa tatu akalala hadi nikamwamsha mimi kwa sala.

Kurudi Lamu, au kukaa Malindi kwanza?

Upasuaji ulifanyika Mombasa. Kutoka huko mpaka nyumbani ni barabara ndefu kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha chombo, kisha vichochoro ambavyo gari haliingii, kisha ngazi za mawe zilizosimama wima. Mtu wa Lamu lazima alifikirie hili kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Mama alitaka kitanda chake. Nilimwelewa. Nyumbani ana majirani, ana hewa ya bahari, na moyo ukitulia mtu hulala. Lakini chumba kiko ghorofani, choo ni cha kuchuchumaa, na punda si kipando cha mwenye nyonga mpya.

Malindi, kwa mama mdogo, nyumba ni ya chini, choo cha kukalia, na mazoezi ya fiziotherapia yako karibu. Tukamkalisha wiki sita. Hasara yake ilikuwa joto la chumba kisicho na upepo na upweke wa kutosikia sauti alizozizoea. Usiku mbili tatu usingizi ulikimbia kwa huzuni tu. Mama mdogo akahamia chumbani mwake, wakawa wanazungumza mpaka mmoja alale. Kwenda kliniki tulichagua teksi, wala si tuktuk: kiti cha mbele kinasukumwa nyuma na kuongezwa mto, wakati tuktuk hukulazimisha uiname na barabara yote huisikia kinenani.

Ningepaswa kuchagua tena, ningechagua Malindi. Lakini mwenye chumba cha chini hapa Lamu, mwenye kiti cha choo cha kuinuliwa na watu wa kumbeba kwa kiti kutoka gatini, hana sababu ya kukaa ugenini. Safari yenyewe, simameni kila saa moja atembee kidogo, kwa sababu ya damu kuganda, na dawa ya kuzuia damu kuganda asiikose. Wengine huitumia mpaka wiki 5. Na mshuke gatini maji yakiwa yamejaa. Maji yakitoka ngazi huwa nyingi na zina utelezi, na chombo kiko chini mno kwa mguu usioruhusiwa kujikunja. Tulingoja Mokowe kwa muda wa karibu saa tatu, na sijutii.

Ngazi za nyumbani: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia uliopasuliwa. Sala alisali kwenye kiti. Na mbuzi ya kukunia nazi tuliificha, maana ile ndiyo iliyomwita kuliko kitu kingine chochote. Kibao chake ni cha chini, magoti hupita nyonga kwa mbali. Sasa nazi hukunwa na mjukuu, yeye akielekeza kutoka kitini.

Kinena kikiuma tena

Maumivu ya wiki za mwanzo, yanayopungua siku baada ya siku, ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: homa au usaha kwenye mshono, shavu la mguu lililovimba, lenye joto na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, au maumivu ya ghafla na mguu kuonekana mfupi na kupinduka. Hapo usingoje asubuhi, hata kama ni usiku na chombo ni cha kutafuta.

Kuna pia maumivu ya kinena yanayozuka baada ya miezi ya raha. Mama yalimjia mwezi wa nane, alipoinua mguu kupanda ngazi au kuingia kitandani. Linganisha hivi: yanayouma ukiinua paja tu mara nyingi ni kano ya mbele ya nyonga inayosuguliwa, yanayouma kila unapokanyaga, au hata ukiwa umelala tuli, yanaweza kuwa nyonga imelegea au imeingia vijidudu. Yote mawili yanataka eksirei na yule aliyepasua, na mara nyingi vipimo vya damu. Yake yalikuwa ya kano. Alipewa mazoezi mepesi na kuambiwa auinue mguu kwa mkono anapopanda kitandani. Kwa usiku kadhaa tukautoa tena ule mto wa sufi kabatini, akaulalia katikati ya miguu kama zamani, kanga ile ile.